Namna ya kumwepusha mgonjwa wa akili na kasho: mwongozo kwa familia na viongozi wa mitaa ya Lubumbashi

Katika mji wetu wa Lubumbashi, mtu anayeugua akili mara nyingi hufika mbele ya polisi kabla hajafika mbele ya muuguzi. Kituo cha polisi kiko karibu, kiko wazi usiku, wala hakidai pesa ya fishi, yaani karatasi ya kumwandikisha mgonjwa, mlangoni, ilhali hospitali ya magonjwa ya akili iko mbali na familia nyingi hazijui hata pa kuanzia. Mgonjwa amevunja kioo cha jirani huko Katuba, au ametembea uchi katika soko la mtaa wa Kenya, au amekataa kutoka kanisani huko Rwashi, na jioni analala kasho, yaani mahabusu ya polisi. Akiwa humo anakosa dawa, anakosa usingizi, anapigwa na waliofungwa pamoja naye wasioelewa maneno yake, na ugonjwa ambao ungeweza kutulizwa kwa vidonge unageuka kuwa kesi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanaoishi na mgonjwa wa namna hiyo, na pia kwa shefu wa avenyi (kiongozi wa barabara moja ya mtaa), mhudumu wa afya wa kujitolea, mchungaji na jirani anayeamshwa usiku kwa makelele. Sheria zinazomlinda mgonjwa zipo, nami nitazitaja, lakini uzoefu wa mitaani unaonyesha kwamba sheria humsaidia yule ambaye familia yake ilijiandaa mapema na ina karatasi mkononi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika wakati mgonjwa ametulia na hakuna anayemwogopa.

Maandalizi ya wakati wa utulivu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mtu 1 kati ya 300 duniani ana skizofrenia, ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kuamini kwamba anafuatwa au anarogwa. Ongeza wenye kifafa, wenye huzuni nzito, na wale ambao pombe kali ya lutuku imewaharibu fahamu, nawe utaona kwamba hakuna mtaa katika mji huu usiokuwa na wagonjwa. Shefu wa mtaa asiyemjua hata mmoja ajue kwamba wamefichwa nyumbani.

Jambo la kwanza ni kujua mahali pa matibabu. Hapa Lubumbashi kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Docteur Joseph Guislain, kinachoongozwa na watawa wa shirika la Frères de la Charité. Kimepewa jina la daktari wa mji wa Ghent, Ubelgiji, aliyeishi kuanzia 1797 hadi 1860, na ambaye alipigania wagonjwa wa akili wafunguliwe minyororo na kutibiwa kama wagonjwa wengine wote. Hapo ndipo pa kumpeleka mtu ambaye ugonjwa wake ni mkali au haujawahi kutambuliwa. Hata hivyo ni makosa kufikiri kwamba safari zote za matibabu zitaishia huko. Anayekaa mbali hawezi kulipa nauli ya kwenda na kurudi kila mwezi kwa miaka mingi, na siku nauli inapokosekana ndipo dawa hukatika, na dawa inapokatika ndipo polisi huitwa. Njia hii ndiyo inayojaza kasho, na dawa yake ni matibabu yaliyo karibu na nyumbani.

Nenda basi kwenye kituo cha afya cha eneo lako, uombe kuonana na muuguzi mkuu, yule tunayemwita IT, umuulize waziwazi kama yupo muuguzi aliyefunzwa kuwafuatilia wagonjwa wa akili na wa kifafa, ni dawa gani zinazopatikana hapo, na wagonjwa wanaoshindikana hupelekwa wapi. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lina mpango unaoitwa mhGAP, ambao lengo lake ni hasa kumwezesha muuguzi au daktari wa kawaida kutibu magonjwa haya bila kumngojea mtaalamu, kwa kuwa wataalamu hawatoshi. Si vituo vyote vilivyofikiwa na mafunzo hayo. Ukijibiwa kwamba huduma haipo, usirudi nyumbani na jibu hilo. Panda hadi ofisi ya daktari mkuu wa zone ya afya, uulize ni kituo gani kilicho karibu zaidi chenye huduma hiyo, na uombe barua ya kukutambulisha. Maombi kama hayo yakifika mara nyingi kutoka mitaa mbalimbali, daktari mkuu wa zone anapata hoja ya kudai mafunzo na dawa kwa ajili ya vituo vyake.

Jambo la pili ni daftari. Nunua daftari la shule, uandike jina kamili la mgonjwa, mwaka wa kuzaliwa, jina la ugonjwa kama daktari alivyoutaja, majina ya dawa na vipimo vyake, tarehe za kumwona muuguzi, na namba za simu za watu wawili wanaoweza kufika haraka. Bandika humo nakala ya cheti cha daktari. Katika ukurasa mmoja eleza dalili zinazotangulia maradhi kupanda: huyu huacha kulala siku tatu, yule huanza kujifungia chumbani na kuziba madirisha, mwingine huanza kugawa vitu vyake. Eleza pia kinachomtuliza, kwa mfano sauti ya dada yake mkubwa, au kuachwa peke yake uani. Daftari libaki nyumbani, na nakala yake ikae kwa shefu wa avenyi au kwa mtu mwingine mnayemwamini, kwa sababu siku ya fujo watu wa nyumbani huchanganyikiwa na hawaoni kitu. Ikiwa mgonjwa ana fahamu zake, mwandike pamoja naye, na aseme mwenyewe angependa nani amsindikize na nani asimkaribie; mwili ni wake na habari ni zake.

Jambo la tatu wengi huliogopa, nalo ni kwenda kumwona komanda wa kituo cha polisi cha mtaa kabla ya tatizo lolote. Nendeni watu wawili au watatu, ikiwezekana pamoja na shefu wa mtaa na muuguzi. Maneno yawe machache: “Komanda, kwetu kuna kijana mgonjwa, anatibiwa, hiki ndicho cheti chake. Akionekana barabarani amechanganyikiwa, tunaomba mtupigie simu kwenye namba hii, usiku au mchana.” Polisi wengi hawamchukii mgonjwa, wanamwogopa, na hakuna aliyewaambia kwamba kuna njia nyingine. Katika mji wa Memphis, Marekani, polisi walimuua mwaka 1987 kijana mgonjwa wa akili aliyekuwa na kisu, na mwaka uliofuata mji huo ukaanzisha kikosi cha askari wanaopewa mafunzo ya saa 40 kuhusu namna ya kuzungumza na mgonjwa na kumpeleka hospitalini badala ya kumfungia. Mpango huo uliigwa na miji mingi ya nchi hiyo. Sisi hatuna kikosi kama hicho, lakini kitu kilichokifanya kifaulu, yaani askari kumfahamu mgonjwa na kujua pa kumpeleka, tunaweza kukijenga mtaa kwa mtaa bila kungoja bajeti.

Saa ya fujo

Maradhi yakipanda, mtu mmoja tu azungumze na mgonjwa, na awe yule anayependwa naye. Wengine warudi nyuma, watoto waondolewe, na simu zisitolewe kumpiga picha. Visu, panga, mchi na jiko la makala viondolewe polepole bila kumfanya ahisi kwamba anazingirwa. Mwache awe na nafasi ya kutokea, kwa sababu mtu anayeamini kwamba anawindwa hupigana anapobanwa pembeni. Sema kwa sauti ya chini na kwa maneno mafupi. Usimbishie kwamba sauti anazosikia ni uongo, wala usijifanye nawe unazisikia. Mwambie kwamba unaona anateseka, na kwamba upo naye. Mpe maji. Mara nyingi nusu saa ya subira inafanya ambacho wanaume sita wenye kamba hawakiwezi.

Wakati huohuo mtu mwingine achunguze kama huu ni ugonjwa wa akili kweli. Malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo, tifoidi, sukari kushuka, pigo la kichwa, au kukatisha pombe ghafla kwa mlevi wa miaka mingi, vyote vinaweza kumfanya mtu aongee ovyo, aone visivyokuwepo na kupigana na ndugu zake. Mtu ambaye jana alikuwa mzima na leo ana homa na hajui yuko wapi, yuko katika hatari ya kufa. Apelekwe mara moja hospitali ya kawaida, kama hospitali kuu ya Jason Sendwe au ile ya zone yenu, na mambo ya akili yatazungumzwa baadaye. Vilevile mwanamke aliyejifungua karibuni, hasa katika wiki mbili za kwanza, akianza kukosa usingizi, kushuku watu na kusema maneno ya ajabu kuhusu mtoto, ni dharura. Asiachwe peke yake na mtoto, wala asiachwe atoke nje usiku. Ugonjwa huo unatibika vizuri, na mama huyo huweza kurudi kulea mtoto wake kama kawaida. Kumwita mchawi na kumfukuza ni kumtupa mikononi mwa wanaobaka, na wanawake wagonjwa wanaozurura katika miji yetu wanafahamu jambo hilo kuliko mtu yeyote.

Ikibidi kumshika kwa sababu anataka kujiumiza au kuumiza mwingine, mshikeni mikono na miguu kwa dakika chache tu, na kamwe msimlaze kifudifudi mkikalia mgongo au shingo yake, kwa kuwa anaweza kufa kwa kukosa pumzi huku mkidhani ametulia. Kisha safari ianze, na asindikizwe na watu anaowajua.

Kuna saa ambapo polisi lazima waitwe, kwa mfano ameshika panga na hakuna awezaye kumkaribia. Hapo maneno mnayoyatumia katika simu yataamua usiku huo utakwishaje. Ukisema “njooni mumkamate, anataka kuua watu,” watakuja kumkamata muuaji. Sema: “Ni mgonjwa wa akili, ana daftari la matibabu, tunaomba mtusindikize hadi hospitali.” Wakifika, mpokeeni askari nje ya parselo, yaani kiwanja cha nyumba, mwonyesheni cheti, mwambieni nani anaweza kuzungumza na mgonjwa, na ombeni gari lielekee hospitali moja kwa moja. Ndugu mmoja apande pamoja naye.

Akishafungwa: saa 48 za kwanza

Hapa ndipo familia nyingi hukata tamaa mapema, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu.

Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 17, inasema kwamba uhuru wa mtu ndio kanuni na kufungwa ndiko kunakohitaji sababu ya pekee. Kifungu cha 18 kinaamuru kwamba aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja na katika lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na familia yake au wakili wake, asiwekwe chini ya ulinzi wa polisi kupita saa 48, na kwamba kila aliyefungwa atendewe kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake ya mwili na ya akili, na heshima yake. Maneno hayo, “afya ya akili,” yamo ndani ya Katiba yenyewe. Yaandike kwenye jalada la daftari lako. Zaidi ya hayo, Kongo iliridhia mwaka 2015 Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda watu wenye ulemavu nchini. Mgonjwa ambaye maradhi yake ya akili yamemzuia kuishi kama wengine anaweza kudai ulinzi huo.

Andika saa aliyokamatwa. Kisha mtu mmoja wa familia, mtulivu, anayeweza kueleza jambo kwa Kifaransa au aliyefuatana na anayeweza, aende kwa ofisa wa upelelezi, yaani OPJ, akiwa na daftari na nakala mbili za cheti. Msiende watu kumi, wala msianze kwa kulia na kupiga kelele. Toeni barua fupi iliyoandikwa kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ya majalada ya serikali, na muombe nakala moja ipigwe muhuri au isainiwe kwamba imepokelewa. Barua iseme mambo yafuatayo kwa mfululizo: jina la aliyefungwa na saa ya kukamatwa kwake, kwamba ni mgonjwa anayetibiwa mahali fulani tangu tarehe fulani, kwamba anahitaji dawa fulani kila siku na kuzikosa kunaongeza hatari kwake na kwa wengine, kwamba familia inaomba daktari aitwe kumpima, na kwamba familia iko tayari kumpokea na kumpeleka hospitalini siku hiyohiyo. OPJ na mwendesha mashtaka wana uwezo wa kumwita daktari kama mtaalamu kwa hati inayoitwa réquisition, na cheti cha daktari aliyeitwa kwa njia hiyo kina uzito mkubwa kuliko maneno yote ya ndugu.

Ombeni pia kwamba jambo la ugonjwa liandikwe ndani ya PV, yaani maandishi rasmi ya OPJ kuhusu kesi. Hili ni la lazima. Mgonjwa anayejibu “ndiyo” kwa kila swali, au anayedai kwamba yeye ni rais, hafai kutia sahihi maungamo, na wala hafai kutakiwa kulipa faini ya kumaliza kesi asiyoielewa. Ikiwa OPJ amekataa kuandika, mwandikieni mwendesha mashtaka katika parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, kwa sababu kazi ya OPJ iko chini ya uongozi wake, na amri ya tarehe 3 Julai 1978 inayosimamia maofisa hao inawabana kuhusu muda wa kumshikilia mtu.

Wakati mazungumzo yakiendelea, pelekeni bukari (ugali) na maji, na dawa zipelekwe kwa kipimo cha siku moja moja, mkimwomba askari wa zamu awaruhusu kuziona zikimezwa. Msiache pakiti nzima ndani. Itapotea au itamezwa na mwingine.

Kuhusu makosa yenyewe, yafaa kujua kidogo. Mashtaka ya kawaida dhidi ya wagonjwa ni kuharibu mali, kupiga na kujeruhi, kutukana, kuonekana uchi hadharani, na uzururaji, ambao una dekreti yake ya tangu mwaka 1896, enzi za Leopold wa Pili. Kosa la kuharibu mali katika sheria yetu ya jinai linadai nia ya ubaya, na mtu aliyevunja dirisha kwa sababu aliona moto ndani ya nyumba isiyokuwa ikiungua hana nia hiyo. Wakili ndiye atakayeliweka jambo hili kwa ufasaha, na asiye na pesa ya wakili aende kwenye ofisi ya ushauri wa bure ya barreau, yaani chama cha mawakili, iitwayo Bureau de consultations gratuites.

Lakini hata kabla ya wakili, nenda kwa aliyeumizwa. Kesi nyingi za namna hii zinaendelea kwa sababu jirani mwenye dirisha hakuna aliyemwendea. Yeye naye ana haki: amepoteza kioo, watoto wake wameogopa, na anadhani familia inamkinga mtu wake kwa kiburi. Mchukueni shefu wa avenyi, mwende mkamwombe radhi, mpatane kuhusu gharama, mlipe hata kwa sehemu, na muandike karatasi ya mapatano mbele ya mashahidi. Mashtaka yakishafunguliwa hayafungwi na mapatano peke yake, lakini OPJ au mwendesha mashtaka anayeona kwamba aliyeumizwa ameridhika na kwamba hospitali inamngoja mgonjwa hana tena sababu kubwa ya kumshikilia.

Saa 48 zikipita, ama anaachiliwa ama anapelekwa parke. Mwendesha mashtaka akitoa hati ya muda ya kumweka kizuizini, hati hiyo haidumu zaidi ya siku tano. Ndani ya muda huo lazima mgonjwa afikishwe mbele ya jaji, na jaji anaweza kuamuru kizuizi cha siku 15, kisha mwezi mmoja mmoja. Kila mara anapofikishwa mbele ya jaji ni nafasi ya kuomba uhuru wa muda, na ombi linalofuatana na barua ya hospitali inayosema “tutampokea” lina nguvu kuliko ombi tupu. Akipelekwa gereza la Kasapa, peleka nakala ya daftari kwa muuguzi wa gereza siku ya kwanza unapomtembelea, na uwajulishe Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Usilipe pesa yoyote bila risiti ya serikali.

Vyumba vya maombi

Familia nyingi hazipeleki mgonjwa kwa polisi wala hospitalini, ila kwenye chumba cha maombi. Sala inamtia mtu nguvu, na mchungaji anayemtembelea mgonjwa kila juma anafanya kazi ambayo hakuna daktari ataifanya kwa niaba yake. Lakini mgonjwa anayefungwa mnyororo kwenye nguzo, anayefungishwa chakula ili pepo atoke, na anayekatazwa vidonge, yuko kizuizini bila hakimu, na mahali hapo pasiitwe pa uponyaji.

Zungumza na mchungaji kwa heshima. Muombe mambo matatu tu: asikataze dawa, asimfunge mgonjwa wala kumnyima chakula, na akuite akiona hali inabadilika. Katika Nigeria, Dr Thomas Adeoye Lambo alianzisha huko Aro, karibu na Abeokuta, katika miaka ya 1950, utaratibu wa kuwatibu wagonjwa huku wakikaa pamoja na ndugu zao katika vijiji vya jirani, na aliwashirikisha waganga wa jadi bila kuwaruhusu wachukue nafasi ya dawa za hospitali. Wachungaji wetu wanaweza kushirikishwa vivyo hivyo, na baadhi yao tayari wanafanya hivyo.

Baada ya kutoka hospitalini

Dawa za kutuliza maradhi haya, kama haloperidol na chlorpromazine, si ghali kama watu wanavyodhani, lakini huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake kamili, na familia isiyoambiwa hilo huziacha wiki ya kwanza. Haloperidol inaweza kumkaza mgonjwa shingo, kumpinda ulimi au kumfanya atembee kama aliyekauka. Majirani hudhani ni uchawi au kwamba dawa inamuua. Ni athari inayojulikana na ina dawa yake, kama trihexyphenidyl. Mrudishe kwa muuguzi siku hiyohiyo, wala usimwachishe vidonge. Kwa asiyependa vidonge au anayesahau, ipo sindano ya fluphenazine inayodumu wiki mbili hadi nne, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyowaepusha na kasho wagonjwa wengi zaidi kuliko hotuba zote, kwa sababu inategemea ziara moja badala ya kumbukumbu ya kila asubuhi. Muulize muuguzi kama inapatikana.

Mwenye kifafa asikatishe phenobarbital kwa ghafla hata siku moja, kwani degedege linaweza kurudi mfululizo na kumuua. Weka akiba ya wiki mbili nyumbani daima.

Pesa hukosekana, hilo linajulikana. Familia tano au sita za mtaa mmoja zikianzisha likelemba ya dawa, kila moja ikitoa kiasi kidogo kwa juma, na mtu mmoja akiwanunulia wote, gharama ya nauli inagawanyika na hakuna anayekosa kwa sababu ya mwezi mmoja mbaya. Mhudumu wa afya wa kujitolea apitie nyumba hizo mara mbili kwa mwezi, aulize kuhusu usingizi, chakula na vidonge, na aandike katika daftari. Shefu wa avenyi naye ana kazi: kumwita mgonjwa aliyepona katika kazi za mtaa, ikiwemo salongo, yaani kazi ya pamoja ya usafi, kumpa nafasi ya kuuza kitu mbele ya nyumba yake, na kumkemea yeyote anayewafundisha watoto kumrushia mawe. Watu wenye maradhi ya akili huumizwa na wengine mara nyingi zaidi kuliko wao wanavyoumiza, na shefu anayelisema hilo katika mkutano wa mtaa anawalinda kwa neno lake.

Swali litakalokuja ni lini dawa ziachwe. Kwa aliyepatwa na skizofrenia kwa mara ya kwanza, ushauri wa kimataifa ni kuendelea angalau miezi 12 baada ya dalili kuisha, kisha kupunguza polepole chini ya uangalizi wa daktari. Aliyeugua mara kadhaa huhitaji muda mrefu zaidi. Mwenye kifafa huendelea mpaka akae angalau miaka miwili bila kuanguka. Uamuzi huo haufanywi na mjomba aliyetoka safari wala na mtu aliyeota ndoto.

Mwisho, ikiwa mgonjwa aliwahi kufikishwa parke, msiridhike na kuona kwamba yuko nyumbani. Jalada lililoachwa wazi linaweza kufunguliwa tena mwaka unaofuata, na ofisa mpya asiyemjua akatuma askari kumtafuta. Mwombeni mwendesha mashtaka uamuzi wa kulifunga jalada bila kuendelea na mashtaka, mkiambatanisha cheti cha hospitali na karatasi ya mapatano na jirani. Uamuzi huo ukipatikana, nakala moja ibandikwe katika daftari, moja ikae kwa shefu wa avenyi, na moja ipelekwe kwa yule komanda mliyemtembelea mwanzoni, na akihamishwa, mwendeeni atakayechukua nafasi yake.